Hull KR 2025: kwa nini kuongoza jedwali hakukutosha

Ndugu uliyeuliza, umesema mdogo wako amepata kazi Hull, Uingereza, wenzake kazini hawaishi kuzungumzia Rovers (Hull KR, klabu ya raga ya mji huu), na wewe hukuelewa timu inawezaje kumaliza ya kwanza mwezi wa tisa halafu mwezi wa kumi bado inautafuta ubingwa. Naishi mashariki mwa Hull, nahudumia wazee kwenye makao ya hapa, na Craven Park, uwanja wa Rovers, naenda kwa miguu. Nikueleze nilivyouona msimu wa 2025.

Kwanza, mchangiaji aliyetangulia amesema hii ni raga ileile ya Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini. Siyo. Wengi wetu tumekulia na raga ya wachezaji saba au 15; hii ni ya 13. Ilizaliwa mwaka 1895 mjini Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga na chama cha raga kwa sababu kilikataa wachezaji wafidiwe ujira walioukosa wakienda kucheza. Walikuwa watu wa migodi, viwanda na gati, na Jumamosi kwao ilikuwa siku ya kazi. Mpaka leo ngome zake ni miji hiyohiyo: Wigan, St Helens, Warrington, Leeds, Hull.

Uwanjani, timu yenye mpira inaruhusiwa kuangushwa mara sita. Aliyeangushwa anainuka, anauweka mpira chini, anausukuma nyuma kwa mguu, mwenzake anauokota na safari inaendelea. Wakiangushwa mara ya sita, mpira unakwenda kwa wapinzani, ndiyo maana baada ya mara ya tano utaona wanaupiga teke. Kwenye runinga macho yanafuata mpira. Ukiwa pale ukutani, karibu na mstari, unaona wale wasio na mpira: wanamwangusha mtu wa kilo mia, wanarudi nyuma mita kumi mbio, wanajipanga, wanatoka tena kwa pamoja. Mmoja akichelewa hatua mbili, mlango umefunguka. Hivyo kwa dakika 80. Mimi naamini kwa dhati kwamba Rovers ya 2025 ilishinda kwa kazi hiyo kuliko kwa trai zake (trai ni kuukandamiza mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), na zilikuwa nzuri kweli.

Sasa vikombe. Ligi Kuu yao, Super League, ilikuwa na timu 12 mwaka huo. Inaanza Februari kwenye baridi na kumalizika Oktoba, raundi 27 za kawaida. Anayemaliza juu anapewa Ngao ya Viongozi wa Ligi. Lakini bingwa hapatikani hapo. Timu sita za juu zinaingia kwenye mtoano. Mbili za kwanza zinasubiri nusu fainali, nyingine nne zinachujana, na mwisho kabisa ni Fainali Kuu pale Old Trafford, uwanja wa Manchester United. Katikati ya yote hayo kuna Kombe la Challenge, mashindano ya zamani ya mtoano ambayo fainali yake ni Wembley. Kwa hiyo ni vikombe vitatu, kila kimoja kinapima kitu chake.

Ili uelewe watu wa huku walilia nini, lazima urudi nyuma. Rovers walilitwaa Kombe la Challenge mara ya mwisho mwaka 1980, walipowafunga majirani zao Hull FC 10-5 Wembley. Mji ulihama karibu wote kwenda London. Ubingwa wao wa mwisho wa ligi ulikuwa 1985. Baada ya hapo ni ukame tu. Mwaka 2016 walicheza hapahapa Craven Park mechi moja ya kuamua nani abaki Ligi Kuu. Walikuwa mbele 18-10 dakika za mwisho kabisa, Salford wakarudisha, na kwenye muda wa nyongeza Gareth O'Brien wa Salford akapiga teke la kudondosha (mpira unadondoshwa na kupigwa ukidunda, ukipita kati ya milingoti ni alama moja) kutoka mbali sana: 19-18. Wakashuka. Walirudi mwaka uliofuata, lakini 2020 walishika mkia, na kilichowaokoa ni kwamba mwaka ule wa korona hapakuwa na kushuka daraja. Kisha akaja kocha Willie Peters, Mwaustralia, kuanzia msimu wa 2023. Mwaka huohuo walipoteza fainali ya Kombe kwa Leigh 17-16, teke la mwisho tena. Mwaka 2024 wakapoteza Fainali Kuu kwa Wigan 9-2.

Kwa hiyo tarehe 7 Juni 2025, Wembley, Warrington wakiongoza 6-2 na dakika zimebaki mbili, sisi tuliokuwa sebuleni pale makaoni tulijua tunachokisubiri. Kuna mzee mmoja, nisimtaje, aliyekuwepo mwaka 1980. Alikuwa ameshageuza kiti chake kuelekea dirishani. Tyrone May akausukuma mpira kwa teke la chini nyuma ya mabeki, Tom Davies akaufikia na kuukandamiza ndani ya eneo la trai. Alama nne, 6-6. Akabaki Mikey Lewis na mkwaju unaofuata trai, wa alama mbili. Huyu ni kijana wa Hull, mzaliwa wa mji huu. Ukapita. 8-6. Yule mzee aligeuza kiti mwenyewe, bila kusaidiwa, na siku za kawaida hawezi. Mwangalie hata mshindi wa nishani ya mchezaji bora siku ile: alikuwa Marc Sneyd wa Warrington, upande ulioshindwa. Ndivyo walivyokuwa karibu kukosa.

Baada ya hapo watu walidhani wangelegea. Nafikiri hapa ndipo penye uzito wa msimu wote, ingawa hapazungumzwi sana. Julai na Agosti hakuna Wembley. Kuna mechi kila wiki, mabega yaliyofungwa bandeji, wachezaji wanaopigwa kichwa na kulazimika kupumzika, vijana wanaopandishwa kuziba nafasi. Wigan walikuwa wanawafuata nyuma mguu kwa mguu. Ngao ilipatikana usiku mmoja wa Septemba pale Craven Park, 28-20, tena mbele ya Warrington. Mashabiki wengi wanaiona Ngao kama zawadi ya njiani. Mimi siafiki. Fainali unaweza kuishinda kwa kuamka vizuri siku moja. Kuongoza baada ya raundi 27 kunahitaji wachezaji wa akiba, madaktari, na kocha anayejua nani wa kumpumzisha lini.

Nusu fainali waliwafunga St Helens 20-12. Kisha tarehe 11 Oktoba, Old Trafford, Wigan walewale waliowaliza mwaka uliotangulia, safari hii 24-6. Wigan, timu iliyotwaa kila kitu 2024, ikaambulia alama sita. Ndipo narudia habari ya ulinzi.

Kuhusu swali lako kama mtoano ni haki kwa aliyeongoza: nilikuwa na mashaka, lakini Rovers wamenionyesha kwamba anayeongoza anapata wiki ya kupumzika na nusu fainali ya nyumbani, na hiyo si faida ndogo kwa miili iliyochoka hivyo.

Mwambie mdogo wako akitaka kuanza, atafute tiketi ya Ijumaa Kuu, Rovers na Hull FC, anunue mapema kwa sababu zinaisha. Na ajue amepanga upande gani wa mto Hull. Mashariki ni nyekundu na nyeupe. Magharibi ni nyeusi na nyeupe, na kama mwenye nyumba wake ni wa huko, jezi ya Rovers aivalie uwanjani.