Kabla hujatuma M-Pesa ya linki, soma hii kwanza

Kama una websaiti ya biashara hapa Nairobi najua hiyo meseji ishakufikia, kama si kwa imeli basi ni WhatsApp: "tunakuwekea linki 200 za DA ya juu, mwezi mmoja uko peji ya kwanza Google", yaani websaiti zingine zenye DA kubwa, alama ya nguvu ya websaiti, ziweke linki ya kuelekea kwako, nusu ya pesa sasa, nusu kazi ikiisha. Mimi natengeneza websaiti za biashara ndogo ndogo na wateja huniforwadia hizi meseji kila wakati wakiuliza kama ni poa. Jibu langu ni moja, usinunue. Na si ati kwa sababu Google lazima watakufungia, hapo ndio watu wengi hawaelewi, shida kubwa siku hizi ni kwamba mara nyingi hakuna chochote kitafanyika na pesa yako ishaenda.

Iko hivi. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google 1998 walichukua linki kama kura, yaani websaiti nyingine ikikutaja ni kama imekupigia, na ikiwa yenyewe inaheshimika kura yake ina uzito zaidi. Sasa penye kura wanunuzi wa kura hawakosi. Biashara ikashika, mpaka Februari 2011 gazeti la New York Times likaanika vile JC Penney, duka kubwa sana la Marekani, lilikuwa linapanda juu kwa linki za kulipiwa. Mwaka uliofuata, Aprili 2012, Google wakatoa Penguin, mfumo wa kukamata linki za ujanja, na websaiti nyingi zilizojijenga na linki za kununua zikaanguka. Hata ukurasa wao wenyewe wa Chrome walikuwa wameushusha siku 60 Januari hiyo, kisa blogu zililipwa kuutangaza na linki ikapita humo.

Lakini Septemba 2016 mambo yalibadilika na wauzaji hawakuambii. Penguin ilianza kupuuza linki mbovu badala ya kuangusha websaiti nzima, halafu Desemba 2022 wakaanza kutumia SpamBrain kwa linki pia, mfumo wa kutambua websaiti zinazonunua linki na pia zile zinazoishi kwa kuziuza. Linki ikitambuliwa inahesabiwa sufuri. Hupati barua, huoni onyo, wewe unabaki tu pale ulipokuwa ukidhani labda linki hazijatosha, unaongeza zingine. Hiyo ndio inafanya hii biashara isife, mteja haoni vile amepoteza.

Na ripoti atakuletea, tena nzuri, ina mishale ya kijani, DA imetoka 6 imefika 20 na kitu. DA ni hesabu ya kampuni inaitwa Moz, DR ni alama kama hiyo ya kampuni nyingine, Ahrefs, na Google hawatumii yoyote kati ya hizo kupanga matokeo. Mtu anaweza kuipandisha hiyo namba na linki takataka na simu yako isilie hata mara moja.

Kuna mzee mmoja anachimba visima Kitengela na Rongai, alikuja kwangu akiwa amelipia hizo mambo muda mrefu. Tukafungua Search Console, chombo cha bure cha Google cha kuona hali ya websaiti yako, ile sehemu ya linki, nikaanza kubonyeza moja moja yeye akiwa ameketi hapo kando. Websaiti ya kwanza, makala ya juu ni chakula cha mbwa, inayofuata kasino, inayofuata mawakili wa ajali za barabarani Texas, halafu katikati hapo kisima cha Nairobi, linki yake imerudiwa mara tatu kwa maneno yale yale, na makala zote zina mwandishi mmoja. Nikamuuliza, mzee, kuna mteja ashawahi kupiga simu akasema amekuona hapa? Akasema hapana.

Nikamwambia wewe una kitu watu wanatafuta kweli. Mtu amenunua ploti, hajui kwamba kabla ya mashine kufika lazima mtaalamu apime maji ya chini, apate idhini ya WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, na mambo ya NEMA, mamlaka ya mazingira, hajui kwamba maji ya visima vingi huku yana floraidi inayoharibu meno ya watoto kwa hivyo lazima yapimwe. Yeye hayo yote anayo kichwani. Tukayaandika kwa websaiti yake, karatasi gani inaanza, unaipeleka wapi, nini hukwamisha watu, pamoja na picha zake mwenyewe za pale anachimba. Watu wa kuuza ploti wakaanza kutuma wateja wao wasome hapo, fundi wa matangi akaweka linki ya hapo kwa websaiti yake, na hakuna aliyelipwa. Linki ya hivyo hata Google ikiipuuza bado inaleta mtu mwenye shida ya maji, na huyo ndiye unamtafuta.

Vitu vingine ni vya haraka. Waambie wanaokuuzia mali wakuweke kwa orodha ya wauzaji wao, na ujaze Google Business Profile, ile sehemu ya biashara yako inayoonekana Google na Maps, vizuri, uombe kila mteja aliyeridhika aandike maoni. Ukitaka kulipia tangazo ama kudhamini timu ya mtaa ikakuwekea linki, lipa bila wasiwasi, Google hawakatazi bora linki iwe na lebo ya sponsored ama nofollow, yaani alama kwa kodi ya linki inayoambia Google isiihesabu kama kura.

Na kama ulishanunua, usiingiwe na baridi. Ingia Search Console uangalie sehemu ya Manual actions, ambapo Google huandika adhabu waliyokupa. Kama hakuna kitu hapo, mara nyingi ziache tu zilivyo, na usikubali mtu akulipishe tena ati anakusafishia linki. Kama kuna onyo, hapo ndio kuna kazi, omba wenye websaiti waziondoe, zinazobaki uziweke kwa faili ya disavow, orodha ya linki unazoomba Google wasizihesabu, kisha uandikie Google waangalie upya ukieleza ukweli wote. Na wale mnaolipia linki za kukodi kila mwezi, ya mwezi ujao msitume.