Kadi ya Stesheni ya Kigoma: Barua kwa Mwanangu

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu, na ule mzigo wa dagaa aliokuahidi utapanda treni wiki ijayo, inshallah. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa makini. Unasema umeona mtandaoni kadi ya posta yenye picha ya stesheni yetu, muuzaji yuko Ubelgiji na anadai kadi ni ya mwaka 1905, nawe unataka kujua kama uninunulie. Kisha unauliza, kwa adabu lakini nimekuelewa, kwa nini mtu anayeiona stesheni kila anaposhuka mjini atoe fedha kwa ajili ya picha ya stesheni hiyohiyo. Nianze na kadi, maana hilo ndilo jepesi.

Mwaka huo si wa kweli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na kwetu huku Februari 1914, baada ya kukata zaidi ya kilomita 1,250. Mwaka 1905 pale penye stesheni hapakuwa na reli wala jengo lenye matao, na mji uliojulikana upande huu wa ziwa ulikuwa Ujiji. Simwiti muuzaji mwongo. Wengi wao hukisia tu mwaka, na kwa kuwa ukongwe hupandisha bei, makisio yao huelekea nyuma kila mara.

Sasa tazama ule upande wa nyuma ulionitumia picha yake. Umegawanywa kwa mstari wa wima, kushoto pa kuandikia salamu na kulia pa anwani. Kadi za mwanzo hazikuwa hivyo: nyuma paliandikwa anwani peke yake, ndiyo maana kwenye kadi kongwe kabisa utaona mtu amebana maneno yake pembezoni mwa picha, juu ya mawingu na hata juu ya paa la nyumba. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902, Ufaransa mwaka 1904, Ujerumani mwaka 1905. Mstari basi unatuambia kadi haikutangulia miaka hiyo, na zaidi ya hapo hautusaidii.

Kinachosaidia zaidi ni maelezo ya Kifaransa chini ya picha. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigoma Julai 1916, na mji ukabaki mikononi mwao hadi mwaka 1921 ulipokabidhiwa kwa Waingereza. Ningependa kukuambia kwamba kadi ni ya miaka hiyo, lakini nasita, kwa sababu hata baada ya kuukabidhi mji Wabelgiji walibaki na eneo lao bandarini kwa mkataba wa mwaka huohuo wa 1921, ambao kodi yake ilikuwa faranga moja tu kwa mwaka, wakiendelea kupitishia hapo shehena za Kongo. Karani wa Kibelgiji wa miaka ya 1930 angeweza vilevile kununua kadi yenye Kifaransa na kumpelekea dada yake. Stempu ingemaliza ubishi, kwa kuwa stempu za Kongo zilizogongwa juu yake maneno ya kuonyesha kwamba nchi imekaliwa na Ubelgiji zilikuwa za kipindi kile cha utawala wao. Kadi yako haikupata kutumwa, haina stempu wala mhuri, basi tuiandike tu kwamba ni ya baada ya mwaka 1916 na tuliache hapo.

Uinunue? Ndiyo, ila si kwa bei ya mwaka 1905. Mweleze muuzaji habari ya reli kwa upole, naye atashuka. Kabla hujalipa mwombe apige picha ya karibu sana ya pembe moja, kwa sababu nakala zilizochapwa siku hizi huonyesha vitone vya rangi mbalimbali hata pale ambapo picha yenyewe inaonekana ya kahawia tupu, na vitone hivyo nimeshavikuta kwenye kadi zilizouzwa kwa maneno matamu sana.

Lile swali lako la pili halijibiki kwa miaka na mihuri. Ninayo tayari kadi moja ya stesheni, ile iliyochanika pembe ya juu, na huenda hukuwahi kuitazama vizuri. Upande wa kushoto, mbele kidogo ya jengo, kuna mche uliozungushiwa uzio wa vijiti ili mbuzi wasiule. Mpigapicha hakuujali, nusu yake imekatwa na ukingo wa kadi. Mimi nilipouona nilikaa chini. Kwa jinsi ulivyosimama kati ya jengo na barabara, sina shaka kwamba ndio mwembe ambao bibi yako alikaa chini yake nilipokuwa mtoto, na sinia lake la migebuka ya kukaanga na mihogo, akisubiri treni ya bara. Nilikuwa nikimletea mawese katika chupa, naye akinituma nisikilize kama honi imeshalia. Mwembe wenyewe ulikwisha katwa, bibi yako ametangulia mbele ya haki, na hakuna aliyewahi kumpiga picha pale. Kadi ile haimwonyeshi, ilipigwa hata hajazaliwa. Lakini tangu niione nimekumbuka mahali sinia lilipokaa, upande jua lilipotokea, na namna alivyofunika samaki kwa majani ya mgomba vumbi lilipotimka, mambo ambayo yalikuwa yamenitoka kabisa.

Pia kuna raha ya kuona walivyotukosea. Nina kadi ya ziwa iliyopakwa rangi huko Ujerumani na mtu ambaye, naamini, hakuwahi kufika Tanganyika, kwa maana maji ameyafanya kijani ya mchicha na milima ya Kongo ameiweka waridi. Mama yako huipenda kuliko zote. Mimi naipenda ile ya meli, kwa sababu inajieleza yenyewe: kadi inayoiita Goetzen inaizungumzia meli kama ilivyokuwa baada ya kushushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915 na kabla Wajerumani hawajaizamisha wenyewe Julai 1916, na inayoiita Liemba, jina la baadaye la meli hiyohiyo, ni ya mwaka 1927 au baadaye, ilipokwisha kuibuliwa na kurudishwa kazini. Yangu inaiita Liemba. Kwenye gati wamesimama wachukuzi, mmoja amejifunga kaniki kiunoni na kugeuza uso, labda jua lilimchoma, labda hakutaka.

Hapo ndipo ninapokasirika kidogo, na wewe unijue hivyo. Aliyeandika maelezo ya kadi hizi alijua jina la meli, jina la bandari na jina la ziwa, lakini watu wote waliosimama pale aliwaita wenyeji, basi, imetosha. Ndiyo maana siziweki kadi zangu ukutani. Nazipeleka kwa watu. Ile ya soko la Ujiji niliipeleka kwa mzee mmoja wa kule, akaishika mkononi muda mrefu, akaniambia hii si njia ya sokoni kama ilivyoandikwa, hii ni njia ya kushukia ziwani, na nyumba ile yenye baraza ndefu alikaa mwalimu wa chuo aliyemfundisha babake Kurani. Akanieleza pia maji ya ziwa yalikuwa yanafika wapi utotoni mwake, na mitumbwi ya kutoka Kongo iliegeshwa wapi. Kijana wake aliyekuwa ameketi pembeni akisoma simu aliiweka chini, akaanza kuuliza maswali. Siku ziwa lilipopanda miaka ya karibuni na kuingia majumbani kandokando ya ufuko, watu walishangaa kama kwamba jambo hilo halijawahi kutokea, nami nilitamani wamsikie mzee yule.

Anayoniambia mtu nayaandika kwenye karatasi ya pembeni, kwa penseli, na tarehe, kisha nakunja karatasi pamoja na kadi yake. Juu ya kadi yenyewe siandiki kitu, wala sitii gundi wala utepe, na nakusihi usije ukaipeleka kadi yoyote dukani ikafungwe plastiki kwa moto, maana kinachofungwa hivyo hakifunguki tena. Mkebe wa kadi nimeuweka juu ya kabati, mbali na ukuta unaotoka unyevu na mbali na mende. Karatasi sasa zimekuwa nyingi kuliko kadi, na ukiniuliza kipi nikitoe kwanza nyumba ikishika moto, nitatoa karatasi.

Kwa hiyo mimi sihitaji stesheni nyingine kwa ajili ya stesheni. Katika picha ya huyo Mbelgiji wako naona watu watatu wameketi kwenye ngazi, na mmoja wao ana kofia inayofanana na ya wafanyakazi wa reli. Wapo wastaafu wa reli hapa Mwanga na kule Gungu ambao baba zao na babu zao walifanya kazi pale, na wakati wa kuwauliza hauongezeki. Nataka kadi hiyo ifike kabla ya Ramadhani, niizungushe kwao.

Ukimwandikia muuzaji, mwulize pia kama ana picha yoyote ya Kibirizi au ya Bangwe, hata iliyochafuka, hata isiyo na maelezo. Hizo sijapata kuziona popote, na kwa hizo sitabishana bei.

Wasalaam,
Baba yako