Sindano na Uzi: Nguo za mama, mkasi hauendi

SWALI: Asalaam alaykum bi mshonaji. Mie niko Wete. Mama yetu alitangulia mbele ya haki mwaka jana, kaacha sanduku zima, kanga, madira, buibui, na ndani mna kanzu ya marehemu baba aliyoiweka mwenyewe miaka yote hiyo. Nataka nishone mfarishi wa viraka niwe najifunika lakini nikishika mkasi mkono haunyanyuki. Alafu fundi wa hapa ananambia nitie blangeti katikati. Na kanga zenye majina nizikate vipi? Na pembeni namaliziaje, mana cherehani yenyewe naijua ya foronya tu.
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, Mungu awarehemu wazee wako. Kwanza uweke mkasi chini, mana nguo za marehemu ni mali ya warithi wote hata kama ni dira kuukuu la kupikia, kwa hiyo wapigie ndugu zako, aliye Unguja na aliye Muscat, uwaulize nani anataka doti gani na zipi zitolewe sadaka. Usione aibu kuuliza. Kuna watu wamenuniana mwaka mzima kwa kanga moja iliyokatwa bila idhini, wallahi.

Wakisharidhia, fua kila kitu. Najua utasema harufu ya mama, lakini jasho lililokaa kwenye nguo ndo linaloita wadudu, kwa hiyo nguo moja iache kama ilivyo uifunge pekee yake, zilobaki zioshwe, zikauke kivulini, zipigwe pasi.

Sasa ya fundi. Blangeti kwa joto letu hili la nini? Utajifunika mara moja Julai kisha mfarishi unakwenda juu ya kabati. Katikati tia shuka la pamba lililochakaa, liwe limefuliwa mara nyingi, basi, ukipenda joto kidogo tafuta kile kitambaa chenye manyoya membamba wanachoshonea nguo za vichanga. Sindano itapita vizuri na kufua hutopata tabu.

Majina ya kanga usiyakate, hilo nasisitiza, mana ukikata viraka utabaki na "hakuna ka" upande huu na "ma mama" upande ule. Chukua doti moja aliyoipenda uifanye upande wa chini wa mfarishi, nzima. Kanga moja huwa kama sentimita 150 kwa 110, ukiziunganisha mbili kwa ule upande mrefu, majina yote mawili yasomeke upande mmoja, unapata 150 kwa 220. Basi juu panga viraka 24, vinne kwa sita, kila kimoja ukikate inchi 12 na nusu, mshono ukila robo inchi kila upande kinabaki inchi 12, jumla futi 4 kwa futi 6, na ile doti itazidi kote, ndo inavyotakiwa, utakuja kuipunguza mwisho. Pima tu jina la kanga ya chini lisije likaliwa na upindo.

Viraka vyenyewe vichanganye lakini kwa akili. Kanga na pamba nyengine hazina shida. Buibui na dira la kuteleza linakimbia chini ya sindano na kufumuka, ile fulana ya mpira ya mdogo wako kama itaingia (itaingia tu, hamtoacha) inavutika, hizo zibandike kwanza nyuma kitambaa cha gundi cha pasi, wanachotia mafundi kwenye kola, ndo ukate. Pasi ya buibui isiwe kali mana linayayuka. Kanzu ya baba kata pale kifuani penye darizi, kile kipande ukiweke katikati ya mfarishi, usikitupe pembeni kwenye miguu.

Kuunganisha: shona viraka vya mstari mmoja mmoja, kisha mistari ndo uiunganishe, mishono ya mstari wa kwanza ilaze kulia, wa pili kushoto, ikikutana inakaana yenyewe na pembe zinalingana. Alafu tandaza sakafuni doti, upande mzuri chini, juu yake shuka, juu kabisa viraka, mkunjo wowote upapase mpaka ulale, upige bandi ndefu (mishono mikubwa ya kushikiza tu) ukianzia katikati ukielekea nje. Hapa ndo wengi wanaona uvivu, wanatia pini nne wanakimbilia cherehani, mwisho doti imejikunja kwa nyuma kama uso wa mtu aliyekula ukwaju. Ukishapiga bandi shona juu ya mistari ya viraka, sindano namba 14, na hapo pia anza katikati. Hutaki cherehani? Funga vifundo vya uzi mnene kwenye kila pembe ya kiraka na kimoja katikati yake, inatosha kabisa.

Pembeni: punguza tabaka zote tatu ziwe sawa. Kata tepe 5 za inchi 2 na nusu, kila moja urefu wa kanga, ziunganishe ziwe moja, ikunje katikati kwa urefu upige pasi. Weka kingo mbichi za tepe (zile mbili zilizokatwa, si ule mkunjo) sawa na ukingo wa mfarishi kwa juu, shona robo inchi. Ukifika kwenye kona simama robo inchi kabla ya mwisho, toa sindano, tepe ikunje iende juu kisha irudishe chini iwe sambamba na upande unaofuata, endelea. Ukimaliza zungushia nyuma upinde kwa mkono. Jina la mama na mwaka darizi kwenye kona ya nyuma, usiandike kwa kalamu ya wino wa kawaida.

SWALI: Kanga nyekundu imenichujia kwenye kanzu nyeupe wakati wa kufua, nasikia niroweke kwa chumvi na siki?
Msomaji, Fuoni

JIBU: Chumvi na siki haviishikishi rangi iliyokwisha kuamua kutoka. Usiianike hiyo kanzu wala usiipige pasi, roweka maji na sabuni, badilisha maji, tena na tena mpaka yawe meupe. Siku nyengine futa kanga kwa kitambaa cheupe kibichi kwanza, kikishika rangi fua peke yake, na isipokoma usiishone na cheupe chochote.

SWALI: Mfarishi niutunze kwenye mfuko wa nailoni?
Msomaji, Mkoani

JIBU: La, utaota koga. Foronya ya pamba, na mara moja moja uutoe upate hewa ukunje kwa njia nyengine.