Kabla hujakata karatasi, zidisha

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, mapambo ya kutengeneza kwa mikono yanaishushia harusi hadhi?" Swali limenigusa pabaya, ndiyo maana jibu ni refu. Mgeni hanyanyuki kitini kwenda kuchungulia nyuma ya ua aone kama limetoka kiwandani au kwenye mkasi wa binamu wa bi harusi. Anachoona ni ua lililosimama au lililolegea, kitambaa kilichopigwa pasi au kinachoning'inia na mikunjo ya mfuko. Hadhi nawaachia wanaopenda kuijadili. Kinachowatesa wenye bajeti ndogo ni kingine: kipi kitengenezwe kwa mikono, vingapi, na viwe vimekamilika lini?

Niseme mapema kwamba niko upande wa mkasi na gundi. Wale wa "kodi kila kitu ulale usingizi" huwa wanaona mapambo kama furushi moja, kumbe ndani yake kuna vitu ambavyo fundi wa kulipwa hatavifanya vizuri kuliko mtu wa nyumbani mwenye subira.

Chukua ua la koti la bwana harusi. Kwa ua la kitambaa unahitaji satini ya poliesta, si pamba. Kata miduara mitano: miwili ya sentimita 6, miwili ya 5, mmoja wa 4. Pitisha kingo pembeni ya mwali wa mshumaa, zitajikunja zenyewe na hazitachomoka nyuzi tena. Usipitishe juu ya ncha ya mwali, hapo ndipo masizi yanapotoka, na kwenye kitambaa cheupe doa lake halifichiki. Pamba haijikunji, inaungua tu, kwa hiyo jaribu kwanza kipande cha ziada hata kama muuzaji ameapa. Panga miduara kutoka mkubwa hadi mdogo, shona katikati pamoja na shanga, kisha funga nyuma waya wa milimita 0.5. Zungushia waya ule utepe wa maua wa kijani. Hapa wengi hukasirika wakidhani wameuziwa utepe usionata. Utepe huo ni karatasi yenye nta, na haunati mpaka uvutwe: mkono mmoja unazungusha shina, mwingine unavuta utepe kwa mshazari kwenda chini. Shina likiwa na urefu wa sentimita 8 au 9, pini inaingia kutoka nyuma ya ukosi, inashika shina, inarudi ndani ya kitambaa. Haionekani, na ua halizunguki.

Au chupa za katikati ya meza. Chupa pana za kioo watu wanazo. Zilowekwe kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa, lebo itoke, na gundi iliyobaki isuguliwe kwa mafuta ya kupikia kabla ya kuoshwa tena. Chupa yenye kipenyo cha sentimita 8 inataka utepe wa sentimita 27, ukiwemo mwingiliano wa 2. Meza 20 zenye chupa tatu tatu ni chupa 60, yaani mita 16 na kidogo, na roli moja la yadi 25, karibu mita 23, linatosha na kubaki. Ukiongeza fundo la upinde, kila chupa inakula sentimita 45 zaidi, na ghafla unahitaji mita 43. Hapo roli mbili zinatosha kwa kubana. Gundi ya moto, ile ya bunduki, usiipeleke kwenye kioo: inashika ikiwa ya moto na kubanduka yote kama ganda ikipoa. Tumia utepe wa kunata pande mbili. Na kama ndani kutaelea mshumaa, pambo la nje likae chini ya usawa wa maji.

Hivi vyote ni vitu vya kukamilisha wiki tatu kabla na kufungia kwenye boksi. Tatizo huanza pale mtu anapotengeneza kimoja, kikapendeza, halafu akatangaza kwamba atatengeneza vyote. Kitu cha dakika 12 kikizidishwa kwa wageni 150 ni saa 30. Mishipi ya viti, vile vitambaa vinavyofungwa kwenye mgongo wa kiti, ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Mshipi mmoja ni mita 2.7 kwa sentimita 18. Kitambaa chenye upana wa mita 1.5 kinatoa mishipi minane kwa kila kipande cha mita 2.7, kwa hiyo viti 150 vinataka vipande 19, zaidi kidogo ya mita 51. Hadi hapo mtu anaona ni nafuu. Sasa hesabu kingo za kupinda: mita 5.76 kwa kila mshipi, mara 150. Ni mita 864 za kupitisha kwenye cherehani! Mishipi ikodishwe, au viti viachwe kama vilivyo.

Lakini kuna ukuta mmoja wa maua ambao hunijia kila nikisikia mtu akisema "tutafanya wenyewe." Ilikuwa harusi ya jioni, wageni kama 150, na ndugu wanne wa bi harusi walikuwa wamejitolea kujenga ukuta wa maua ya karatasi nyuma ya viti vya maharusi, upana mita 3, kimo mita 2.4. Kwa kukata, hakuna cha kuwalaumu. Walitumia manila ya gramu 200 kwa mita ya mraba, si karatasi ya kuchapishia ya gramu 80 ambayo inalegea kabla hujaibeba. Kila ua lilikuwa na kipenyo cha sentimita 40 hivi, petali za nje zikiwa na ukubwa wa karatasi nzima ya A4, za kati nusu, za ndani robo. Kila petali ilichanwa chini sentimita 5, ncha mbili zikalazwa moja juu ya nyingine na kugundishwa, ndipo petali ikapata tumbo. Kingo zilizungushwa kwenye penseli. Rangi ilikuwa ya damu ya mzee, na maua yalikuwa 60.

Tufanye hesabu ambayo haikufanywa. Karatasi ya A4 ya gramu 200 ina uzito wa gramu 12 na nusu. Ua moja linakula karatasi kumi hivi. Ondoa vipande vilivyokatwa, rudisha gundi na kitako cha duara, unabaki kwenye gramu 120 kwa ua. Mara 60, ni zaidi ya kilo 7. Kilo 7 zilikuwa zimegundishwa kwa gundi ya moto moja kwa moja kwenye satini, na satini imetundikwa kwenye bomba jembamba la plastiki la mita 3 lisilo na nguzo ya katikati.

Saa ya kwanza ulikuwa ukuta mzuri kuliko mapambo yoyote ya kukodi niliyoyaona, na picha za saa hiyo zipo. Halafu zikawashwa taa za halojeni, zile zinazotoa joto kali, mbili, juu kabisa, zikielekezwa chini ili maua "yatoke." Gundi nyingi za bunduki huanza kulegea joto likifika nyuzi 60 hivi, na rangi iliyoiva hufyonza joto kuliko nyeupe. Safu ya juu ndiyo iliyoanza. Ua la kwanza halikuanguka, liliteleza taratibu likiacha uzi mrefu wa gundi, likasimama juu ya lile la chini yake. Uzito wa maua mawili ukawa juu ya gundi ya ua moja. Yakashuka yote mawili, yakagusa la tatu. MC alikuwa hodari, akasema maua yanakuja kuwasalimia maharusi, watu wakacheka. Mara ya tano haikuchekesha tena.

Mmoja wa wale ndugu akaja na pini. Pini kwenye satini iliyovutwa kwa uzito hutoboa tundu, na tundu hukimbia kwenda chini. Wakati huohuo bomba la juu lilikuwa limejipinda katikati, kitambaa kikalegea, na maua ya katikati yakainama kutazama sakafu badala ya wageni. Unyevu wa ukumbi uliojaa watu nao ukafanya kazi yake: karatasi hunywa unyevu, nyuzi zake huvimba, na mkunjo uliotengenezwa kwa penseli hufunguka. Matumbo ya petali yaliyogundishwa yalibaki. Kingo zote zilinyooka. Kwa mbali ukuta ulionekana umechoka.

Kisha joto likazidi, feni ikawashwa. Ukuta wa kitambaa mbele ya feni ni tanga la jahazi. Nyayo za fremu zilikuwa mabomba mawili yenye umbo la T, bila mfuko hata mmoja wa mchanga. Vijana wawili waliovaa suti walipelekwa nyuma kushika nguzo, mmoja kila upande, na walikaa huko mpaka mwisho wa ratiba. Hawamo kwenye picha yoyote. Viti vya maharusi vilisogezwa mbele mita moja na nusu, jambo ambalo lilikuwa uamuzi wa busara kuliko yote usiku ule.

Nimeeleza kirefu kwa sababu watu husikia kisa kama hiki wakahitimisha kwamba karatasi ni dhaifu. Karatasi haikuwa na kosa. Gundi ya moto ni ya kushikisha petali kwenye petali, haiwezi kubeba ua ukutani. Ua linabebwa kwa waya. Kitako cha kila ua kikatwe kwenye kadibodi ngumu, kipenyo sentimita 10, kitobolewe matundu mawili kabla ya kugundishwa petali, na waya au kifungo cha plastiki cha kukaza kipite humo na kufungwa kwenye wavu uliotandazwa juu ya fremu. Kitambaa kinakaa nyuma ya wavu na hakibebi chochote. Bomba la mita 3 linapata nguzo ya katikati, au linaingizwa fimbo ya mbao ndani. Kila unyayo unapata kilo 10 za mchanga. Taa ni za LED, ambazo mwanga wake hauchomi kinachomulikwa, na zinawekwa chini zikielekea juu.

Usafirishaji nao usisahaulike. Ua la sentimita 40 lenye tumbo halipangwi juu ya lingine. Boksi kubwa linachukua manne, labda matano, kwa hiyo maua 60 ni maboksi 12 hadi 15. Hayaingii kwenye gari dogo kwa safari moja, na gari lililofungwa juani hupata joto la kutosha kuilegeza gundi hata kabla ya kufika ukumbini.

Nikiangalia nilichoandika hadi hapa, naona mkasi na gundi vimebaki na utetezi mdogo kuliko nilivyokusudia. Ukiongeza wavu, kadibodi, mchanga, nguzo ya tatu, safari mbili za gari, na jumla ya saa 40 za kazi za watu wanne (kwa dakika 40 kila ua, na hizo ni dakika za mikono iliyozoea), ule unafuu unabaki kwenye karatasi peke yake. Kwa hiyo kwa kitu chochote kirefu kuliko mtu, kinachosimama chenyewe na kinachokaa juu ya vichwa vya watu, jibu langu ni kodini. Fremu ya chuma na pazia lake. Ulizeni kama bei inajumlisha kufunga na kufungua, na kama ni ya siku au ya saa, kwa kuwa hapo ndipo "nafuu" nyingi hupotelea. Nami ndiye niliyeanza kwa kuwasuta wanaokodi.

Hata hivyo sitaki wale ndugu wanne waonekane walipoteza muda. Kazi yao ingeweza kuokolewa kwa kupunguza. Maua 20 badala ya 60, yakusanywe kwenye pembe mbili, juu kushoto na chini kulia, eneo lililobaki liwe kitambaa chenye mikunjo. Kwa upana wa mita 3, kitambaa kiwe mita 6 ili mikunjo ijae: vipande vinne vya upana wa mita 1.5, kila kimoja urefu wa mita 2.8, kwa kuwa sentimita 40 zinaliwa na mfereji wa kupitishia bomba na pindo la chini. Jumla mita 11.2. Vipande havihitaji kushonwa pamoja, mikunjo inaficha maungio. Maua 20 ni kilo 2 na nusu na saa 13 hivi za kazi, mzigo ambao watu wanne wanaumaliza Jumamosi moja wakipiga soga.

Na hili linategemea mambo matatu: kuna chumba kikavu cha kuyahifadhia, yanabaki kwenye maboksi yaliyofungwa mpaka siku ya kupamba, na ukumbi unafunguliwa siku moja kabla. Hilo la mwisho ndilo linaloamua. Yapandisheni mchana, washeni taa zote na feni kwa saa mbili, kaeni mtazame. Likishuka hata moja, kuna usiku mzima wa kufunga waya. Kama funguo za ukumbi zinatolewa asubuhi ya harusi yenyewe, hata hayo 20 msiyajaribu; tengenezeni maua ya koti na chupa, pazia liacheni kwa wenye fremu.