Je, mfumo wa shamba msituni ulitoka Burma?

SWALI: Mhariri, salamu. Kila Jumamosi mimi hununua nyama katika Soko la Burma, na tangu utotoni nimeambiwa kwamba jina hilo lililetwa na wazee wetu waliopigana huko katika Vita vya Pili vya Dunia. Juzi binti yangu, anayesomea misitu chuo kikuu, aliniambia kwamba hata ule mfumo wa shamba, ambao mwananchi hulima viazi na maharagwe katikati ya miche ya serikali, asili yake ni Burma. Je, ni kweli? Na watafiti wamesema nini kuhusu Waburma na misitu yao? – Msomaji, Kaloleni, Nairobi.

JIBU: Binti yako amesema kweli: mfumo huo ulitoka Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar. Wataalamu wa misitu huuita mfumo huo kwa neno la Kiburma, taungya: taung ni mlima, ya ni shamba. Wenye kilimo hicho ni watu wa milimani, wakiwemo Wakaren, ambao hufyeka kipande cha msitu, hukichoma, hupanda mpunga unaotegemea mvua kwa mwaka mmoja au miwili, kisha hukiacha kiote msitu upya.

Mwaka 1856 Waingereza walimpa Dietrich Brandis, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, kazi ya kusimamia misitu ya Pegu, kusini mwa Burma. Kilichotakiwa ni msaji, mti ambao maseremala wetu huuita mtiki. Brandis aliihesabu misaji akiwa juu ya tembo, akikata alama kwenye vijiti kila alipoupita mti, kila kijiti kikiwa cha miti ya kiwango fulani cha unene. Msaji mbichi huzama majini. Kwa hiyo gome lilikatwa pete kulizunguka shina, mti ukaachwa ukauke umesimama kwa takriban miaka mitatu, ndipo ukaangushwa, ukakokotwa na tembo hadi kwenye kijito na kungojea mafuriko ya mvua yauchukue.

Brandis aliwashawishi Wakaren wapande misaji katikati ya mpunga na kupalilia vyote pamoja, ili wao wakihama, msitu wa serikali ubaki nyuma yao. Hapo ndipo watafiti wa baadaye walipouona mfumo huu kwa jicho jingine. Raymond Bryant, aliyechunguza siasa za misitu ya Burma, ameonyesha kwamba haukuwa ufundi wa kupanda miti tu, bali pia njia ya kumtawala mkulima wa kuhamahama, ambaye hapo awali moto wake ulilaumiwa kuwa adui wa msaji. Kwa maoni yangu, Bryant ana hoja: jembe lilikuwa la mkulima, mbao zikawa za serikali.

Mtafiti mwingine wa kutajwa ni Edmund Leach, aliyeishi na Wakachin, watu wa milima ya kaskazini mwa Burma, kuanzia 1939, akapoteza madaftari yake vitani, na hata hivyo akachapisha utafiti wake mwaka 1954. Aliona jirani zao Washan wakilima mpunga wa maji mabondeni na Wakachin wakifyeka milimani, lakini akakataa kusema kwamba mlima peke yake ndio unaoamua maisha ya watu, kwa kuwa Wakachin wenyewe walikuwa wakibadilika, mara wakiwatii machifu, mara wakiwakataa.

Kenya iliupokea mfumo huo takriban mwaka 1910. Miti ilikuwa mingine, hasa saiprasi na misonobari, na wakulima walikuwa vibarua wa idara ya misitu walioishi humo humo msituni. Umepigwa marufuku zaidi ya mara moja na kurudishwa. Sura yake ya sasa ilikuja baada ya Sheria ya Misitu ya 2005.

Kwa hiyo si wazee wetu walioleta taungya nyumbani. Ilikuwa imewatangulia kwa miaka thelathini na zaidi kufikia 1944, askari wa Afrika Mashariki walipopita katika bonde la Kabaw huko Burma kwenye matope na mvua, chini ya misaji ile ile, wakielekea mto Chindwin.