Jibu: Mji mmoja umegeuka kurasa tatu

Habari ndugu. Umesema unapanga kurasa za vikundi vya Wayahudi wanaotafuta koo zao, na Lemberg, Lwów na Lviv zimekuwa kurasa tatu ilhali mji ni ule ule.

Kwanza angalia kama kila ukurasa unatambuliwa kwa jina la mji. Kama ndivyo, tatizo liko hapo. Mimi huupa mji namba, kisha majina yote huyaweka chini ya namba hiyo pamoja na enzi zake: Lemberg ya Austria hadi 1918, Lwów ya Poland, Lviv ya Ukraine leo. Usifute hata moja, tafadhali. Mjukuu atakuja na lile lililo kwenye cheti cha babu yake, na hana jingine.

Majina ya ukoo yatafutwe kwa sauti. Soundex ya Kimarekani, njia ya kuyapa majina msimbo wa herufi na tarakimu kulingana na matamshi, huitenga Moskowitz na Moskovitz, maana huiruka W lakini V huipa tarakimu. Tumia Daitch-Mokotoff ya 1985, aina ya Soundex iliyotengenezwa kwa majina ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Sijui kanzidata yako ni ipi. Programu ya kanzidata ya PostgreSQL ina Daitch-Mokotoff kuanzia toleo la 16, ndani ya kiongezi cha fuzzystrmatch.