Ukurasa wa Kiswahili, Matamshi ya Kiingereza

SWALI: Ninasimamia tovuti ya chama chetu, ambayo yote imeandikwa kwa Kiswahili. Mwanachama mmoja asiyeona ameniarifu kwamba programu yake ya kusoma skrini huzisoma kurasa zetu kwa matamshi ya Kiingereza, hata asiambulie kitu. Nimepitia maandishi yote na sijaona kosa. Je, tatizo liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa halimo katika maandishi, limo katika msimbo wa ukurasa. Programu ya kusoma skrini huchagua sauti na kanuni za matamshi kwa kufuata lugha iliyotajwa katika tegi ya html, iliyo juu kabisa ya msimbo huo, na huenda ukakuta pameandikwa lang="en", kwa kuwa violezo vingi vya tovuti huja hivyo. Badilisha iwe lang="sw". Usiweke ke wala tz peke yake, maana hizo ni alama za nchi, si za lugha.

Ni herufi mbili tu, lakini tazama zinavyomwumiza msikilizaji. Neno "pole", ambalo sisi hulitamka kwa silabi mbili, sauti ya Kiingereza hulifanya silabi moja yenye maana ya mlingoti. "Pale" na "wake" nayo huharibika vivyo hivyo, na sentensi nzima ikishapitia hapo hakuna anayeweza kuifuata. Anayesoma kwa vidole kwenye kifaa cha breli naye hupotoshwa, kwani kanuni za breli hutofautiana kwa lugha.

Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaoeleza jinsi ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008, umeliweka sharti hili la kutaja lugha ya ukurasa katika daraja A, yaani daraja la msingi kabisa. Katika daraja AA hudai pia kwamba kifungu cha lugha nyingine kitambulishwe: nukuu ya Kifaransa, kwa mfano, iwekewe lang="fr" kwenye tegi yake yenyewe. Majina ya watu na maneno yaliyokwisha kuzoeleka, kama "kompyuta", hayahitaji alama hiyo.

Ukimaliza, mwombe mwanachama wako aufungue ukurasa upya. Akiwa anatumia NVDA, programu ya kusoma skrini iliyo ya bure, sauti ya eSpeak NG inayokuja nayo inakijua Kiswahili. Ikiendelea kusoma Kiingereza, ahakikishe kwamba mpangilio wa kubadili lugha kiotomatiki haujazimwa.